LeRoy Walker: Kocha wa chuo kidogo aliyewalea mabingwa wa dunia

Ukilala Makutupora huhitaji kutega saa. Kabla jua halijachomoza, mchakamchaka wa vijana wa kambi ya JKT utakuamsha. Muda si mrefu utasikia watoto wa shule za msingi nao wakianza wao, vumbi likitimka. Hapa kwetu kukimbia ni sehemu ya kila siku, wala hakumshangazi mtu.

Kinachosumbua ni swali ambalo wazazi hutuuliza kila tunapozungumzia riadha kwenye kipindi. Mtoto anapenda mbio na walimu wamemwona ana kipaji. Je, tumwache akimbie, au tumwambie aache mambo ya uwanjani ashike daftari? Hofu hiyo ina msingi. Wapo vijana waliotamba kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, kisha wakarudi nyumbani bila cheti na bila medali.

Leo tunakuletea maisha ya mtu ambaye kwa miaka 38 alifanya kazi ya kuunganisha vitu hivyo viwili, mbio na masomo, katika chuo kidogo cha watu weusi kusini mwa Marekani. Anaitwa Dokta LeRoy Walker. Alifariki mwaka 2012, na huenda jina lake halijawahi kufika masikioni mwako. Lakini matunda ya kazi yake yalifika mpaka Afrika Mashariki, kupitia vijana wawili wa Kenya waliorudi nyumbani na dhahabu ya Olimpiki.

Mtoto wa mwisho kati ya 13

LeRoy Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1918 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Babu na bibi zake walikuwa watumwa. Baba yake alifanya kazi kwenye treni za makaa ya mawe, yule anayechochea moto ili gari liende.

LeRoy alipokuwa na miaka tisa, baba yake alifariki. Kama inavyotokea hata kwetu, mtoto alihamishiwa kwa ndugu mwenye uwezo. Kaka yake mkubwa, Joe, aliishi Harlem, mtaa mashuhuri wa watu weusi jijini New York, na alikuwa na biashara zake ndogondogo. Huko LeRoy alikua akisaidia kazi na kusoma, katika miaka ambayo uchumi wa Marekani ulianguka na watu wengi wakakosa ajira.

Ili uelewe kilichofuata, ni vizuri kukumbuka hali ilivyokuwa. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani wakati ule, sheria ilitenganisha watu weusi na weupe. Shule zilikuwa mbalimbali, viti vya basi mbalimbali, hata mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa mbalimbali. Kijana mweusi aliyetaka elimu ya juu alikuwa na milango michache sana ya kubisha hodi.

LeRoy alipata nafasi Benedict College, chuo cha watu weusi huko South Carolina. Alicheza mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu na riadha, na mwaka 1940 alihitimu kwa alama za juu.

Alitaka kuwa daktari

Ndoto yake ilikuwa udaktari wa hospitali. Lakini nafasi za vijana weusi katika vyuo vya udaktari zilikuwa za kuhesabu, na hakupata. Badala ya kukaa akisubiri, alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili katika masuala ya afya na elimu ya viungo.

Hapa ndipo tunaposema mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguka. Elimu ya mwili aliyotaka kuitumia kutibu wagonjwa, aliipeleka uwanjani. Baadaye, mwaka 1957, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York. Alisomea jinsi mwili unavyojiendesha: mifupa, misuli, nguvu na mwendo. Ndiyo maana akaitwa Dokta Walker, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano.

Kabla ya hapo alifundisha katika vyuo kadhaa vya watu weusi. Mwaka 1945 akafika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, katika chuo ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1910 na James Shepard, kwa ajili ya vijana weusi waliokuwa hawapokelewi katika vyuo vya weupe. Kilikuwa chuo kidogo, na fedha zake zilikuwa ndogo pia.

Walker hakuajiriwa kwa ajili ya riadha. Aliajiriwa kufundisha darasani na kuwa kocha wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Mbio zilianza kama zoezi la kuwapa wachezaji wa mpira pumzi na miguu. Lakini zoezi lile lilikua mpaka likawapita wenyeji wake.

Viunzi 10 na Lee Calhoun

Bingwa wake mkubwa wa kwanza aliitwa Lee Calhoun, mkimbiaji wa mita 110 kuruka viunzi.

Tueleze kidogo, kwa asiyewahi kuona mbio hizo. Mkimbiaji anakutana na viunzi 10. Kila kimoja kina urefu wa sentimita 106.7, yaani kinamfika mtu mzima karibu na kiuno. Kati ya kiunzi kimoja na kingine kuna mita 9.14, na wakimbiaji wazuri hupiga hatua tatu tu hapo katikati. Ukiruka juu mno, unakaa hewani wakati wenzako wako chini wanakimbia. Ukiruka chini mno, unakigonga na kupoteza mwendo. Kwa hiyo anayeshinda si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Mara nyingi ni yule anayevuka kiunzi bila kupoteza kitu.

Mbio za namna hii zilimfaa sana kocha aliyesomea mwendo wa mwili. Mahali ambapo mtazamaji anaona mguu umepita, mtaalamu anaona goti limekunjwa vipi, kifua kimeinama kiasi gani, na mguu wa nyuma umechelewa wapi.

Calhoun alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1956 na 1957, akiwashinda vijana wa vyuo vikubwa vyenye viwanja na fedha. Mwaka 1956 alikwenda Olimpiki ya Melbourne, Australia, akatwaa dhahabu kwa sekunde 13.5. Mmarekani mwenzake, Jack Davis, alipewa muda huohuo, na ikabidi picha ya mstarini iamue.

Mwaka 1958 Calhoun alisimamishwa na chama cha riadha cha Marekani. Sababu ilikuwa harusi. Yeye na mkewe walifunga ndoa kwenye kipindi cha televisheni na wakapewa zawadi. Kwa sheria za wakati ule mwanariadha hakuruhusiwa kupata faida yoyote kutokana na jina lake, kwa hiyo zawadi za harusi zikamgharimu. Alirudi, na mwaka 1960 huko Roma akashinda tena, kwa sekunde 13.8, na kwa mara nyingine picha ndiyo iliyoamua. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda mbio hizo katika Olimpiki mbili kabla yake.

Tangu hapo jina la chuo kile likaanza kutajwa. Kijana wa Trinidad na Tobago aliyesoma hapo, Edwin Roberts, alipata medali mbili za shaba katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964: moja ya mita 200, nyingine ya kupokezana vijiti. Kuanzia Melbourne 1956 hadi Munich 1972, hakuna Olimpiki iliyopita bila mwanariadha kutoka kwa Walker.

Jirani wa ng'ambo ya mji

Katika mji huohuo wa Durham kulikuwa na chuo kingine, Duke. Hicho kilikuwa tajiri, chenye uwanja mkubwa, na wakati ule kilipokea wanafunzi weupe tu. Kocha wake wa riadha tangu mwaka 1955 aliitwa Al Buehler.

Katika mji uliogawanywa na rangi, makocha hawa wawili wakawa marafiki. Buehler aliwafungulia vijana wa Walker njia ya kufanya mazoezi katika viwanja vya Duke, wakati ambapo kijana mweusi hakuweza kuomba kiti darasani katika chuo hichohicho. Urafiki huo ulidumu miongo mingi na ukazaa jambo lililoihusu Afrika nzima.

Siku Afrika ilipofika Durham

Mwezi Julai 1971, Walker na Buehler waliandaa mashindano kati ya Marekani na timu ya pamoja ya Afrika, katika uwanja wa Duke. Yalifanyika kwa siku mbili na kujaza watu kwa makumi ya maelfu, weusi na weupe wakikaa pamoja kutazama mbio, jambo ambalo miaka michache nyuma lisingewezekana mjini hapo.

Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500. John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi, na mwaka mmoja baadaye akawa bingwa wa Olimpiki kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82.

Halafu kuna kisa cha Miruts Yifter wa Ethiopia. Katika mita 5,000 alikosea kuhesabu mizunguko. Alichomoka kwa kasi, akamaliza, akasimama, kumbe umebaki mzunguko mmoja. Ushindi ukamwendea Mmarekani Steve Prefontaine. Yifter hakukata tamaa. Siku ya pili aliingia mita 10,000 akamshinda Frank Shorter, ambaye mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa marathoni wa Olimpiki.

Wakenya wawili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wawili wa Kenya walikuwa wanafunzi katika chuo cha Walker. Julius Sang alizaliwa Kapsabet mwaka 1946, na mbio zake zilikuwa mita 400. Robert Ouko alitoka upande wa Kisii, na yeye alikimbia mita 800. Wote wawili walikuwa kwenye timu ya Kenya iliyoshinda dhahabu ya kupokezana vijiti katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970. Kwa hiyo Walker hakuwatoa gizani. Alichowapa ni mahali pa kusoma huku wakiendelea kukimbia.

Ikafika Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwaka 1972. Michezo ile ilipata msiba mkubwa. Tarehe 5 Septemba wanamgambo wa Kipalestina waliivamia timu ya Israel, na wanamichezo na makocha 11 wa Israel waliuawa. Mashindano yalisimamishwa kwa muda, kisha yakaendelea.

Tarehe 7 Septemba ikawa fainali ya mita 400. Wamarekani Vincent Matthews na Wayne Collett walichukua nafasi ya kwanza na ya pili. Wa tatu alikuwa Julius Sang, kwa sekunde 44.92. Kwenye jukwaa la medali, wakati wimbo wa taifa lao ukipigwa, Matthews na Collett, wote weusi, walisimama ovyo bila kuonyesha heshima iliyotarajiwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia. Mmarekani mwingine, John Smith, alikuwa ameumia. Hivyo Marekani, waliokuwa wakitegemewa na wengi kushinda mbio za kupokezana vijiti za mara nne mita 400, wakashindwa kupata watu wanne.

Tarehe 10 Septemba Kenya iliingia na Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Sang alipopokea kijiti cha mwisho, Mjerumani Karl Honz alikuwa mbele, mbele ya watu wa nyumbani kwake. Honz alianza kwa kasi kubwa mno. Sang hakumkimbilia kwa pupa. Alimfuata, akamwacha achoke, kisha akampita, na mzunguko wake ulikadiriwa kuwa wa sekunde 43.5. Kenya ilimaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ikawa ya pili, Ufaransa ya tatu, na Ujerumani Magharibi, waliokuwa wakiongoza, wakatoka mikono mitupu.

Sasa tuhesabu pamoja. Larry Black, Mmarekani wa chuo hichohicho, alipata fedha ya mita 200 na dhahabu ya mara nne mita 100. Sang alipata shaba na dhahabu. Ouko alipata dhahabu, na alikuwa wa tano katika fainali ya mita 800. Wanafunzi watatu wa chuo kimoja kidogo walirudi na medali tano shingoni. Ziko nchi kubwa zilizorudi na pungufu ya hizo katika riadha.

Sang alishinda tena dhahabu ya kupokezana vijiti katika Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974, michezo ileile ambayo Filbert Bayi wetu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Alifariki mwaka 2004. Ouko alirudi Kenya, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha nchi hiyo. Alifariki mwaka 2019.

Montreal bila Waafrika

Mwaka 1976 Walker aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa wanariadha wanaume wa Marekani kwa Olimpiki ya Montreal, Kanada. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Lee Calhoun, yule bingwa wa viunzi, alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake.

Timu yake ilipata medali 6 za dhahabu. Mmoja wa washindi alikuwa Edwin Moses wa mita 400 kuruka viunzi, naye akitoka chuo kidogo cha watu weusi, Morehouse, katika mji aliozaliwa Walker.

Sisi huku tunaikumbuka Montreal kwa sababu nyingine. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikagoma kushiriki. Bayi alibaki nyumbani akiwa katika ubora wake. Kwa hiyo mwaka ambao mjukuu wa watumwa aliongoza timu ya Marekani, Waafrika ambao huenda wangeshindana na vijana wake hawakuwapo, na sababu ilikuwa ileile ya ubaguzi wa rangi.

Kurudi Atlanta

Walker alikaa Durham mpaka mwisho wa kazi yake. Mwaka 1983 aliacha ukocha na kuwa mkuu wa chuo kilekile alichokiingia akiwa mwalimu kijana, akakiongoza hadi mwaka 1986. Kwa nyakati mbalimbali pia alifundisha au kushauri timu za nchi nyingine, zikiwamo Kenya, Ethiopia, Israel, Jamaika na Trinidad na Tobago.

Mwaka 1992 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Ilikuwa kazi isiyo na mshahara, na ili kuikubali aliacha kazi ya malipo mazuri katika maandalizi ya Olimpiki ya mwaka 1996. Michezo hiyo ilifanyika Atlanta. Mtoto wa mchochea moto wa treni, aliyeondoka Atlanta akiwa yatima, aliirudia akiwa na miaka 78 kama kiongozi mkuu wa timu ya nchi mwenyeji.

Alifariki Durham tarehe 23 Aprili 2012, akiwa na miaka 93.

Kwa nini tumekusimulia

Mkulima wa zabibu wa Makutupora anajua kwamba mzabibu haukupi kitu mwaka unaoupanda. Unaunyoosha, unaukatia matawi, unausubiri, na unaendelea kuwa palepale shambani. Walker alifanya hivyo. Angeweza kuhamia chuo kikubwa baada ya dhahabu ya kwanza ya Calhoun, lakini alibaki na chuo chake.

Jambo la pili ni lile swali la wazazi. Walker alikuwa kocha jioni na mwalimu asubuhi, na vijana wake walifika chuoni kama wanafunzi. Watanzania nao walipita njia kama hiyo. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, na Gidamis Shahanga walisoma chuo kikuu huko Texas kwa sababu ya miguu yao. Lakini mlango ule haumfungukii mkimbiaji asiyeweza kufuata masomo. Mguu humfikisha mtu mlangoni, na daftari ndilo linalomwingiza ndani.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akirudi na vumbi la mchakamchaka, usimpokonye viatu. Muulize alichofundishwa darasani, mkague daftari, na kesho mwache akimbie tena. Na mwalimu wa michezo, wewe mwenye uwanja wa mchanga na saa moja ya kuhesabia, huna upungufu unaozidi ule wa Durham mwaka 1945.